Arobaini ya Marehemu Katika Nchi ya Tumepona

Nchi ya Tumepona haimo kwenye ramani, na kosa si la wachora ramani. Walifika mpakani wakaulizwa kama wamepona. Wakajibu kwamba hawakuwahi kuumwa. Wakaambiwa asiyeumwa hawezi kuwa amepona, na asiyepona haingii, wakarudishwa na kalamu zao. Somoe Mnyambi aliingia. Namna alivyofika tusiihangaikie. Alifika kama anavyofika mtu yeyote aliyeambiwa mahali fulani kuna dawa, yaani mbiombio na bila kuuliza maswali mengi.

Somoe alikuwa mpishi wa pilau za shughuli kutoka Mchinga, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye mikono mipana na maneno machache. Kwa miaka ishirini hapakuwa na harusi wala hitima upande ule ambayo sufuria zake hazikupita chini ya mwiko wake. Kisha ikaja korona. Alikohoa siku tisa, kifua kikapona, watu wakamshukuru Mungu, naye akashukuru. Tumbo ndilo halikupona. Akila vijiko vitano linajaa gesi hadi kanga haifungiki. Akigusa mafuta, kiungulia kinampanda kooni. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo choo kinagoma kabisa. Yalikuwa yametimia miaka miwili na nusu. Zahanati walimpa dawa ya amiba, kisha ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo. Dada yake alisema ni mawazo. Jirani alisema kuna mkono wa mtu.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkata maini ni kwamba mpishi asiyeonja chakula chake haaminiki. Katika harusi moja mama wa bwana harusi alimwona akigeuza uso sufuria ilipofunuliwa, akauliza kwa sauti ya kusikika uani kote, ni kitu gani kimetiwa humo hata mpishi mwenyewe hakitaki? Tangu siku hiyo sufuria za Somoe zililala kifudifudi, na yeye akawa mtu wa kualikwa akiwa mgeni, tena mgeni wa kukaa mlangoni. Ndipo aliposikia habari za nchi ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyebakiwa na masalia ya ugonjwa ule. Hata mmoja. Alifunga mwiko wake mkubwa kwenye kanga, akaenda.

Mpakani karani alimsogezea fomu yenye visanduku vitatu: Nimepona, Nimepona Sana, na Nilikuwa Nimeshapona. Somoe alisema yeye bado. Karani alimtazama kwa huruma akamweleza kwamba kisanduku hicho hakikuchapishwa. Basi akatia alama kwenye cha kwanza, na huo ukawa uongo wake wa kwanza katika nchi ile. Karani alipiga muhuri kwa mkono wa kulia huku wa kushoto akiwa ameubana chini ya mbavu. Somoe alidhani ndivyo makarani wa huko wanavyokaa.

Sheria za Tumepona anayezisikia kwa mara ya kwanza hucheka, kwa hiyo bora acheke sasa tuendelee. Ugonjwa ulipowashinda, wakubwa wa nchi walikaa kikao wakaona kwamba kisichoweza kushindwa kinaweza kuzikwa. Walichonga jeneza, wakalibeba tupu, wakalizika katikati ya mji kwa mizinga na vilio, na daktari mkuu akaandika cheti cha kifo. Tangu hapo jina la ugonjwa halitajwi. Huitwa Marehemu, na wenye adabu huongeza Mungu amlaze pema. Juu ya lango la kaburi pameandikwa: Yaliyopita si ndwele. Kwetu sisi wahenga waliposema hivyo walikuwa wakipatanisha watu waliogombana. Watumepona waliifanya sheria ya afya.

Na kwa kuwa aliyekufa hawezi kumdhuru aliye hai, hakuna tumbo Tumepona linaloumwa kwa ajili ya Marehemu. Yanaumwa, tena karibu yote, ila kwa sababu nyingine, na sababu hizo hugawiwa bure katika Ofisi ya Sababu. Kuna orodha ubaoni: kiti, mkwe, viatu vya kubana, upepo wa dirishani, wivu na moshi. Raia akiingia amejishika tumbo hutoka na cheti chenye sababu moja, na matibabu huelekezwa huko. Somoe alipofika dirishani aliulizwa kama ana mkwe. Akasema hana, hakujaliwa mtoto. Karani akaridhika sana, akaandika kwamba tumbo lake linasumbuliwa na kukosa mkwe.

Alipanga chumba kwa Bi Sikudhani, mwanamke mchangamfu aliyekuwa mkuu wa akina mama wa jiko la serikali. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa seremala aliyekonda, na cheti chake kilisema Kiti. Ndani ya nyumba ile vilikuwamo viti kumi na kimoja, vyote alivitengeneza mwenyewe, kila kimoja akitumaini kuwa ndicho. Kulikuwa na cha miguu mitatu, cha mgongo wa ukili, na kimoja kirefu kiasi kwamba alikipanda kwa ngazi. Kila jioni alijaribu viwili au vitatu, tumbo likinguruma juu ya vyote bila upendeleo, naye alivinyooshea kidole na kuvigombeza. Somoe alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka, kwa sababu alimwona Mwinjuma akiinuka mezani baada ya tonge tatu na kwenda kuinama nyuma ya nyumba, na sauti aliyoisikia huko aliijua. Ilikuwa yake.

Kesho yake Sikudhani alimpeleka kutazama Baraza Kuu, kwa kuwa mgeni hana budi kuona utukufu wa nchi. Siku hiyo hoja ilikuwa ya haraka. Tumbo la mjumbe mmoja lilikuwa limenguruma katikati ya hotuba ya mwenzake, kwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka, na mwandishi wa Baraza alitaka kujua aiandike vipi. Wengine walisema ni usumbufu. Wengine walisema hapana, mjumbe ana haki ya kuchangia kwa kiungo chochote. Walijadiliana hadi adhuhuri, na wakati wote huo ngurumo nyingine zilizidi kutoka pande zote za ukumbi. Mwishowe Spika aliamua kuwa ni sauti za kuunga mkono hoja. Hoja ikapita kwa ngurumo nyingi, na ilikuwa hoja ya kuipongeza nchi kwa afya yake.

Ndipo Somoe alipoitwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Sahani, Bwana Akilimali Kondo. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mkanda wake umetobolewa matundu mapya manne kwa msumari, na mfukoni mwa shati amechomeka kijiko kidogo cha kukwangulia. Alikuwa amesikia kwamba mgeni ni mpishi. Alieleza kwamba Ijumaa ni arobaini ya Marehemu, na mpishi wa miaka yote amestaafu ghafla.

Somoe aliuliza arobaini gani, na Marehemu ana mwaka wa tatu kaburini. Mkaguzi alijibu kwamba mfiwa mkubwa haoni haya kurudia. Kila mwaka mji mzima hukusanyika kaburini, na kila raia hula sahani moja iliyojaa, vijiko arobaini kwa kipimo, pilau ya nyama na samli na viungo vyake vyote. Anayemaliza amethibitisha kuwa Marehemu hayumo ndani mwake. Anayebakiza ni mfufuaji. Mfufuaji hupewa mkeka wake na kutolewa nje ya nchi kwa mlango wa nyuma, wala jina lake halitajwi tena na mkewe wala nduguze. Mwaka jana Mwinjuma seremala, kabla hajakonda hivi, alibakiza vijiko vinne. Alisamehewa mara moja, na msamaha wa pili haukuandikwa.

"Na baada ya kula watu wanakuwaje?" Somoe aliuliza.

Mkaguzi alipanga karatasi zake. Alisema inafuata Wiki ya Usafi, ambapo kila mtu hujifungia ndani akasafisha nyumba yake, hasa choo.

Kisha akafungua kabati, akatoa kasha dogo la mninga lenye kufuli na kuliweka mezani. Alisema ndiyo dawa ya Tumepona. Somoe akipika pilau ile, na akala sahani ya kwanza mbele ya watu wote kama ilivyo desturi ya mpishi, kasha litakuwa lake.

"Inaponya tumbo?"

"Hakuna aliyewahi kulalamika baada ya kuipata," alisema Mkaguzi.

Somoe alitoka pale akiwa mwepesi. Kupika pilau ya mji mzima hakukumtisha, na ile sahani moja angeimeza hata kama ingemtoa roho, alimradi kasha liwe lake. Alijiona tayari yuko Mchinga, amesimama uani kwa watu, anachota kijiko cha kwanza, anameza, na mama wa bwana harusi fulani anakosa la kusema.

Sikudhani alipopata habari hakushangilia. Alimpa mkono wa hongera, akamvuta hadi mlango wa uani, akamwonyesha. Mwinjuma alikuwa ameketi kwenye kile kiti kirefu na sahani mapajani, akifanya mazoezi. Kila siku aliongeza kijiko kimoja. Alikuwa amefika cha tisa, na jasho linamtoka, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Mpikie taratibu, shoga," alisema Sikudhani. Hakuomba zaidi ya hapo, na wala hakujua ni nini kingine angeweza kuomba.

Ijumaa alfajiri Somoe aliingia jiko la serikali. Masufuria kumi na mawili ya watu mia mia na zaidi yalikuwa yameinjikwa, na akina mama kumi na wawili wanasubiri amri. Supu ya nyama ilipochemka alisema mmoja aje aonje chumvi. Hakuna aliyesogea. Alidhani hawakusikia, akarudia. Mmoja akatazama miguu yake. Mwingine akakumbuka kuni. Mama mmoja mnene wa mwili alisema kwa upole kwamba chumvi yao hupimwa kwa sheria, haionjwi. Hapo ndipo Somoe alipoviona vifurushi. Kila mmoja alikuwa nacho, chini ya kanga au nyuma ya kinu: huyu ndizi ya kuchemsha, yule chupa ya uji, mwingine kipande cha tangawizi alichokuwa akikitafuna tangu afike. Ni watu kumi na wawili walioishi jikoni, na hakuna aliyeweza kula kilichomo ndani yake.

Somoe alisimama na mwiko mkononi akalia. Miaka miwili na nusu alidhani yuko peke yake. Alikasirika pia, alikasirika sana, kwa sababu alikuwa amekuja kutafuta watu waliopona na amekuta tu watu waliochoka kusema. Akina mama walimwambia ni moshi, na wawili wao walikuwa na cheti cha kuthibitisha.

Alipojifuta machozi aliliwazia kasha. Ni lazima isemwe kwamba aliliwazia kwa muda mrefu. Aliwaza pia jina lake, maana mpishi wa Mchinga hapiki kitu kingine ila pilau katika arobaini ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni jeneza tupu. Kisha akamkumbuka Mwinjuma na kijiko chake cha tisa.

"Toeni nyama," alisema. "Engueni mafuta yote. Rudisheni samli stoo, na bizari, na pilipili manga. Nibakishieni tangawizi na chumvi. Mimineni mchele na maji."

Walimimina. Sikudhani alichungulia akasema maji yanatosha. Somoe akasema waongeze. Wakaongeza, na mchele ukaanza kufumuka na kupoteza umbo.

"Dada, huu utakuwa uji," alisema Sikudhani.

"Sheria yenu inasema pilau ni nini?"

Sikudhani aliijua kwa moyo, kama kila mtu aliyesoma shule za Tumepona. "Pilau ni mchele uliopikwa na mpishi wa serikali ndani ya sufuria ya serikali." Akaifikiri. "Maji hayakutajwa."

"Basi koroga."

Mbwa wa mji ule walikula nyama siku ile hadi wakashindwa kubweka.

Saa sita uwanja wa kaburi ulijaa. Kila mtu alisimama na sahani yake, nyuso zimekakamaa, na Bwana Akilimali alipita katikati yao na kijiko chake cha kukwangulia. Mapipa ya chakula yalipofunuliwa minong'ono ilipita mstari kwa mstari. Somoe alipanda jukwaani na sahani ya kwanza. Aliweka kijiko mdomoni, akameza, akasubiri kiungulia. Hakikuja. Akaongeza cha pili, na cha kumi, polepole, bila kumtazama mtu. Alipofika cha arobaini tumbo lilikuwa zito kidogo lakini limenyamaza, na akagundua kwamba alikuwa amekula sahani nzima mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu zile siku tisa.

Kisha mji ukala. Hapakuwa na hotuba, maana waliopangiwa kuhutubia walikuwa wanakula. Mwinjuma alifika kijiko cha tisa akasita, akatazama cha kumi kana kwamba ni mtu anayemdai, akakila. Alipomaliza alifuta sahani kwa kidole, akamtazama mkewe, wote wawili wakaangalia pembeni ili wasilie hadharani. Mkaguzi alizunguka mistari yote hakukuta chembe ya kukwangua. Mwisho alipewa sahani yake. Aliila akiwa amesimama kama sheria inavyotaka, kisha akaomba aongezwe, jambo ambalo sheria haikuwahi kulifikiria.

Alasiri Somoe alikuwa anaosha masufuria alipomwona Mkaguzi anaingia na daftari kwapani na kasha mkononi. Akina mama walijibanza ukutani. Somoe alijua anafukuzwa, na alishaanza kuutafuta mwiko wake. Mkaguzi aliketi kwenye gogo la kuni, akatazama ndani ya sufuria tupu.

"Lako lilianza lini?" aliuliza.

Somoe alifungua mdomo aseme ni kukosa mkwe, kama cheti kinavyosema. Badala yake alisema ukweli. Alieleza siku tisa za kukohoa, na asubuhi ya kumi alipoamka kifua kikiwa chepesi akanywa chai ya maziwa kwa furaha, na chai ile ilivyorudi. Alieleza dawa za amiba na maneno ya dada yake, na harusi, na sufuria zilizolala kifudifudi. Moto wa maji ya kuoshea ukafa na hakuna aliyeuchochea. Mkaguzi hakumkatiza hata mara moja. Waganga watatu na ndugu chungu nzima walikuwa wamemweleza Somoe juu ya tumbo lake, lakini lilianza lini hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Langu lilianza siku ya mazishi," alisema Mkaguzi. "Nilipangiwa kubeba jeneza upande wa mbele. Lilikuwa tupu, nami nikashindwa kulinyanyua."

Akafungua kufuli. Ndani ya kasha kulikuwa na muhuri wa mpira, na herufi zake zilisomeka: AMEPONA.

"Hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo. Nilipigiwa mimi mwaka wa kwanza."

"Ikakusaidia?"

"Iliwasaidia wengine wasiniulize," alisema Mkaguzi.

Somoe aliuchukua muhuri akaugeuzageuza, akamrudishia. Kasha alisema atalichukua, litafaa kuwekea iliki. Mkaguzi akakubali. Kisha akafungua daftari akaandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba pilau ilikuwa tamu na hakuna aliyebakiza.

Sasa kuna swali moja, na akina mama kumi na wawili walilisikia wakiwa wamejibanza ukutani. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unalo. Lilisikika kisimani, msikitini, kwenye foleni ya Ofisi ya Sababu: lako lilianza lini? Baraza likakutana siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza walijadili kama kilicholiwa kilikuwa pilau. Mzee mmoja alilalama kwamba hajawahi kuona pilau ya kunywa, akajibiwa kwamba nchi inayosonga mbele lazima pilau yake nayo isonge, wakaipitisha kuwa Pilau ya Taifa. Siku mbili zilizobaki walijadili swali. Kulipiga marufuku wasingeweza, kwa kuwa halikumtaja Marehemu. Hatimaye waliruhusu litumike kama salamu, ilimradi anayeuliza asisubiri jibu.

Na tangu wiki ile, Sikudhani alimwambia Somoe wakiagana, mji umekuwa wa watu waliosimama wawili wawili barabarani, kila mmoja akijidai anafunga kamba ya kiatu. Mwinjuma alikuwa ameanza kuuza viti vyake. Alibakiza kimoja, akamwalika jirani akikalie.

Somoe hakupona. Tumbo lilimuuma tena njiani, ila sasa aliweza kuitaja siku lilipoanza na alijua la kulipikia, basi. Alipofika mpakani alimkuta karani yule yule, na nyuma ya Somoe ikajipanga foleni ya watu wanaotoka. Karani aliuliza amebeba nini. Akaonyesha mwiko, na kasha tupu. Karani akainua muhuri kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa pale pale chini ya mbavu.

"Lako lilianza lini, mwanangu?" aliuliza Somoe.

Kwa sheria ya salamu Somoe alipaswa kupita bila kusubiri jibu. Alitua kifurushi chake chini akabaki pale pale. Karani aliitazama foleni, akautazama muhuri, akauweka mezani bila kupiga, akatoka nyuma ya meza na kiti chake.

"Kaa, mama," alisema. "Ilikuwa siku ya Jumatatu."